Je, Wajua Urani Husaidia Kuona Virusi?

Ikitajwa urani, wengi huwaza bomu, au mgodi wa Shinkolobwe kule Katanga. Lakini ipo chumvi yake moja, uranili asetati, inayokaa kwenye vichupa vyeusi vya maabara za baiolojia, na kazi yake ni kuvifanya virusi vionekane.

Hadubini ya elektroni, iliyobuniwa Berlin mwaka 1931 na Ernst Ruska na Max Knoll, haitumii mwanga. Hurusha elektroni, na picha hutokea pale zinapotawanywa. Shida ni kwamba viumbe vimejengwa kwa atomi nyepesi ambazo elektroni huzipita kama hazipo. Kaboni ina protoni 6 tu. Urani ina 92.

Basi mtaalamu hushika kwa kibano kiwavu cha shaba chenye upana wa milimita 3, kilichotandazwa utando wa kaboni. Hudondoshea tone lenye virusi, husubiri kidogo, kisha huligusa kwa ukingo wa karatasi ya kuchujia ili maji yafyonzwe. Hufuata tone la uranili asetati, dawa ya manjano yenye nguvu ya asilimia 1 au 2, nalo hufyonzwa. Masalia hukauka kuzunguka kila kirusi na kujaza mikunjo yake, kama tope linavyokaukia kokoto. Kirusi huonekana cheupe kwenye uwanja mweusi, na miiba yake yote. Umanjano wa dawa hausaidii kitu, maana hadubini hii haijui rangi. Zile picha za virusi vyekundu magazetini hupakwa rangi baadaye kwa kompyuta.

Kwenye vipande vya tishu mambo hugeuka: uranili hung'ang'ania DNA, RNA na protini zenyewe, zikawa ndizo nyeusi.

Je, ni hatari? Mionzi yake ni hafifu, na chembe za alfa huzuiwa na ngozi. Cha kuogopwa zaidi ni sumu yake: unga ukivutwa au kumezwa huharibu figo. Tena mwanga huivuruga dawa hii ikaacha masimbi, ndiyo sababu ya kichupa cheusi. Siku hizi zinauzwa dawa mbadala zisizo na urani, baadhi zikitokana na chumvi za lanthanidi, kwa kuwa masharti ya kumiliki urani yamebana katika nchi nyingi. Hata mabaki ya tone moja hayamwagwi kwenye sinki. Hukusanywa pamoja na karatasi zilizoyafyonza, yakahesabiwa kuwa taka za mionzi.