Poda ya chuma, uji wa mtoto na bakteria wa tumboni

Kina mama wa huku kwetu Chale wana swali ambalo nimelisikia mara nyingi: ile poda ya virutubishi ya kutia kwenye uji wa mtoto, yenye madini ya chuma, iendelee au iachwe? Maana barazani pana maneno kwamba inaharisha watoto. Mimi si daktari, lakini jambo hili limechunguzwa papa hapa Kwale, kwa watoto wetu wenyewe.

Tumboni mwa mtoto mna bakteria wasiohesabika, na wengi ni wema. Wanaofaa zaidi kwa anayenyonya ni bifidobakteria. Hawa hula sukari fulani zilizomo kwenye maziwa ya mama, kisha hutia utumbo uchachu usiopendwa na bakteria wa maradhi. Sasa chuma: mtoto hufyonza kidogo tu, na kinachobaki hushuka utumbo mpana. Huko wanaokifaidi ni jamaa za E. koli. Bifidobakteria hawakihitaji sana.

Watafiti wa chuo cha ETH cha Zurich, Uswisi, na wenzao wa Kenya waliwapa watoto 115 wa miezi 6 uji wa mahindi wenye poda hiyo kwa miezi 4, wengine yenye chuma, wengine isiyo nacho. Majibu yalitoka mwaka wa 2015: waliopewa chuma walizidi bakteria wabaya, na kwa kipimo cha miligramu 12.5 kwa siku utumbo ulionyesha dalili za uvimbe.

Mwaka wa 2017 likaja la kutia moyo. Kwa watoto 155, chuma kilipunguzwa hadi miligramu 5, na baadhi yao wakaongezewa sukari inayolisha bifidobakteria, itengenezwayo kutokana na maziwa. Wema wakabaki wengi, na upungufu wa damu ukashuka vilevile.

Lakini mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2016 unapendekeza miligramu 10 hadi 12.5, wala hautaji sukari hiyo. Kwangu mimi hiyo ni ajabu. Choo cha watoto wetu kimepimwa Ulaya. Faida yake nayo irudi zahanati za Kwale.

Basi poda isitupwe. Upungufu wa damu hudumaza akili ya mtoto, na huku malaria huuzidisha. Nyonyesheni hadi miaka 2, na dagaa waliosagwa wasikose kwenye chakula.

Pana moja zaidi. Utafiti mdogo wa Kwale uliotoka 2019 ulionyesha kuwa chuma kikitolewa pamoja na antibayotiki, dawa hupungua nguvu dhidi ya bakteria wa maradhi na mtoto huhara zaidi. Kwa hivyo mtoto akiandikiwa antibayotiki, mwambieni muuguzi kuwa anakula poda, mumuulize kama isimame kwa siku hizo. Na wale wanaonunua antibayotiki dukani bila kuandikiwa, watamuuliza nani?