Uzee, Mazoezi na Neva Zinazouongoza Moyo

Mwalimu mstaafu mwenye umri wa miaka 71 aliletwa kliniki na binti yake. Kila alfajiri alipoinuka kitandani kwenda kutawadha, kizunguzungu kilimshika, na siku moja alianguka mlangoni. Tangu hapo wanawe, kwa mapenzi, walimkataza kutembea. Aliwekewa kiti barazani, akaletewa maji na chakula hapo hapo, na sokoni akatumwa mjukuu. Baada ya miezi miwili kizunguzungu kilikuwa kimezidi. Aliniuliza kama moyo wake umechoka. Swali hilo nalisikia mara nyingi, nalo lahitaji jibu lililo kamili.

Moyo una chanzo chake cha mapigo: kundi dogo la seli lililo katika chumba cha juu cha upande wa kulia. Seli hizo zikiachwa bila amri yoyote, kwa kijana moyo ungepiga takribani mara 100 kwa dakika. Hata hivyo, mtu aliyetulia huwa na mapigo 60 hadi 80. Tofauti hiyo ni kazi ya neva ya vagasi, iteremkayo kutoka shina la ubongo na kuutuliza moyo. Neva za simpathetiki hufanya kinyume: huuharakisha na kuuongezea nguvu. Mwaka 1921 Otto Loewi, huko Graz nchini Austria, aliichochea neva ya vagasi ya moyo wa chura, kisha akachukua majimaji ya moyo huo na kuyatia katika moyo wa pili. Moyo wa pili nao ukapunguza kasi. Hivyo ilidhihirika kwamba neva huupa moyo amri kwa njia ya kemikali. Ile ya vagasi ikatambuliwa baadaye kuwa asetilikolini.

Mtu anaposimama, nusu lita ya damu au zaidi huteremkia tumboni na miguuni. Vitambuzi vya shinikizo vilivyo katika mishipa mikubwa ya shingo na kifua huuarifu ubongo. Vagasi hulegeza, simpathetiki hukaza mishipa, na mapigo huongezeka. Yote haya hutimia ndani ya sekunde chache, bila sisi kujua.

Umri huudhoofisha mfumo huu polepole. Seli za chanzo cha mapigo hupungua. Mishipa hukakamaa, na vitambuzi vilivyomo havinyumbuki kama zamani. Mvuto wa vagasi hupungua, hivyo ile tofauti ndogo ya muda baina ya pigo na pigo, ambayo ni dalili ya udhibiti mzuri, nayo hufifia. Noradrenalini huongezeka katika damu, lakini msuli wa moyo huiitikia kwa uzito. Ndiyo sababu mapigo ya juu kabisa hushuka: kwa makadirio, ni 208 kutoa asilimia 70 ya umri, yaani 194 kwa mwenye miaka 20 na 159 kwa mwenye miaka 70. Mazoezi hayazuii upungufu huu.

Lakini si kila tunachokiita uzee ni uzee. Mwaka 1966 huko Dallas, Marekani, vijana watano wa miaka 20 walilazwa kitandani kwa majuma matatu. Uwezo wa miili yao kutumia oksijeni ulishuka kwa takribani robo. Walipopimwa tena baada ya miaka 30, ilionekana kwamba majuma yale matatu yaliwadhuru kuliko miaka 30 ya umri. Baada ya miezi sita ya mazoezi, uwezo wao ulirejea ulipokuwa kabla ya kulazwa ujanani.

Mazoezi ya mara kwa mara hupunguza mapigo ya mtu aliyetulia, na huwasaidia wengi, wazee wakiwamo, kurejesha sehemu ya kazi ya vagasi. Dalili moja iliyo rahisi kuipima ni jinsi mapigo yanavyoshuka baada ya jitihada. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba watu ambao mapigo yao yalishuka kwa 12 au pungufu katika dakika ya kwanza walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufariki katika miaka iliyofuata.

Kwa mhudumu wa afya: mzee akilalamika kizunguzungu, mlaze dakika tano, mpime shinikizo na mapigo, kisha mpime tena akiwa amesimama, baada ya dakika moja na ya tatu. Shinikizo la juu likishuka kwa 20 au zaidi, au la chini kwa 10 au zaidi, tatizo lipo. Mapigo yasipoongezeka ipasavyo, shuku neva zenyewe, hasa kwa mwenye kisukari. Kisha soma orodha ya dawa. Mwalimu wetu alikuwa akitumia dawa ya kuongeza mkojo pamoja na ya tezi dume; zote mbili huweza kushusha shinikizo mtu anaposimama.

Kwa mgonjwa: usiache dawa bila ushauri. Kaa ukingoni mwa kitanda kwa muda kabla ya kusimama. Anza kwa kutembea dakika 10, ukiongeza taratibu hadi dakika 150 kwa juma, pamoja na mazoezi ya nguvu na ya mizania. Mwendo ufaao ni ule unaokuwezesha kuzungumza lakini si kuimba. Kipimo hiki humfaa hata anayetumia dawa za kupunguza mapigo. Usisimame ghafula unapomaliza. Maumivu ya kifua au kuzimia ni sababu ya kuacha na kumwona daktari mara moja.

Tulibadilisha dawa za mwalimu, na binti yake akakubali kutembea naye kila jioni. Baada ya miezi minne shinikizo lake bado hushuka kidogo asimamapo, lakini hajaanguka tena, na sokoni huenda mwenyewe. Moyo wake haukuwa umechoka. Ulikuwa umenyimwa kazi. Kile kiti cha barazani bado kipo, naye hukikalia akisharudi.