Setilaiti za Maskini, Meli za Watalii

Mpwa wangu ni dobi kwenye meli ya kitalii. Kutwa anafua mashuka na mataulo chini kabisa, sitaha ambayo abiria hawaijui, na usiku akipata nafasi humpigia mama yake Kisauni, Mombasa. Mwaka wake wa kwanza simu hizo zilikuwa mateso. Anasema "Halo, mama," kimya. Mama anajibu, naye sekunde hiyohiyo anauliza tena, sauti zinagongana. Wote wananyamaza ili kupishana, kisha wote wanaanza kwa pamoja. Dada yangu akaniita pembeni: "Huyu mtoto ananificha kitu. Kila nikimuuliza swali, anafikiri kwanza."

Hakuwa akifikiri. Jibu lake lilikuwa bado njiani.

Tukiwa nchi kavu, simu zetu huongea na mnara ulio karibu, na kutoka hapo habari husafiri kwenye nyaya za kioo. Meli haiwezi kuburuta waya, na minara ya pwani huiacha mara tu nchi inapopotea machoni. Inabakiwa na mbingu. Kwa miaka mingi mbingu hiyo ilikuwa na maana moja: setilaiti iliyo kilomita 35,786 juu ya ikweta. Kwenye kimo hicho, setilaiti huizunguka dunia kwa muda uleule ambao dunia hujizungusha yenyewe, kwa hiyo ukiwa chini unaiona kama imegongomewa mahali pamoja. Mwandishi Mwingereza Arthur C. Clarke alilieleza wazo la kuzitumia kwa mawasiliano katika jarida la Wireless World mwaka 1945. Mwaka 1976 zilirushwa setilaiti za Marisat kwa ajili ya meli, na 1979 likaundwa shirika la Inmarsat, makao yake London.

Sasa tupige hesabu. Kutoka melini hadi kwenye setilaiti, na kushuka hadi kituo cha ardhini, ni zaidi ya kilomita 71,000. Jibu nalo lirudi njia hiyohiyo. Mawimbi ya redio hukimbia kwa kasi ya mwanga, takriban kilomita 300,000 kwa sekunde, na hakuna fundi wa kuyaongezea mwendo. Kwenda na kurudi kunakula karibu nusu sekunde. Ongeza muda wa mitambo, unafika sekunde 0.6 hivi.

Kwenye maongezi, hilo linatosha kumfanya mama amshuku mwanawe. Kwenye ukurasa wa intaneti ni balaa zaidi, kwa sababu simu haiombi mara moja. Kwanza inauliza anwani ya kompyuta inayoutunza ukurasa. Halafu inabisha hodi na kusubiri kuitikiwa. Halafu wanakubaliana funguo za siri. Ndipo inaomba ukurasa, na ukurasa ukifika unasema: haya, kazifuate picha kule. Safari kumi za kufuatana ni sekunde sita, na hapo bado unatazama kile kiduara kinachozunguka. Abiria hulalamika kwamba spidi ni ndogo, na mara nyingine ni kweli, lakini mara nyingi ubaya uko kwenye urefu wa njia. Bomba pana halilifanyi tone la kwanza lifike mapema.

Meli yenyewe nayo ina vituko vyake. Yale maputo makubwa meupe juu ya sitaha, ambayo wengi hudhani ni rada, ni vifuniko tu. Ndani mna dishi lililofungwa kwenye egemeo linaloyumba pande zote, na vifaa vinavyopima kila mlalo wa meli na kulirudisha dishi lilipokuwa likitazama. Meli ikigeuka, bomba la moshi huweza kuikinga setilaiti, kwa hiyo hufungwa zaidi ya dishi moja. Mvua kubwa hunyonya mawimbi. Kuta za kabini ni za bati la chuma, na waifai iliyojaa kwenye ujia hufika kitandani imechoka. Ukiwa Mombasa, setilaiti inaweza kuwa karibu na utosi wako. Lakini ipeleke meli Geirangerfjord, Norwei, digrii 62 kaskazini: setilaiti ya aina hiyo inaonekana chini, isiyozidi digrii 20 hivi juu ya upeo wa macho, na pande zote mbili zimesimama kuta za mawe zenye urefu wa zaidi ya mita 1,000. Abiria wapo mahali pazuri kuliko pote safarini, na picha haziendi.

Nafuu ya kwanza ya kweli ilianzia mahali ambapo usingepadhania: Kigali. Mmarekani Greg Wyler alifika Rwanda miaka ya mwanzo ya 2000, na kampuni yake ya Terracom ikaanza kutandaza nyaya za intaneti. Ndani ya mji mambo yakaenda. Lakini nchi haina pwani, na mikongo ya baharini ilikuwa bado haijafika Afrika Mashariki, kwa hiyo kila kilichotoka nje ya nchi kilipanda kwenye setilaiti ya mbali, polepole na kwa bei kali. Mwaka 2007 Wyler akaanzisha O3b, kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya "bilioni tatu wengine", yaani watu ambao intaneti ilikuwa imewasahau. Setilaiti zake zingekaa kilomita 8,062 tu, juu ya ikweta, maana nchi nyingi maskini ziko ukanda huo.

Za kwanza zilirushwa 2013. Kufikia hapo mikongo ya SEACOM na TEAMS ilikuwa imeshafika Mombasa tangu 2009, na EASSy ikafuata 2010. Mkongo ukishafika pwani, setilaiti haishindani nao kwa bei. O3b ilipata wateja visiwani, Visiwa vya Cook vikiwa vya mwanzo, lakini mteja aliyegonga vichwa vya habari mwaka 2014 alikuwa Oasis of the Seas, meli yenye mabwawa ya kuogelea na uwanja wa barafu. Karibi, ilikosafiri, nayo iko karibu na ikweta. Mtandao uliobuniwa kwa uchungu wa Kigali ukaanza kupeleka video za watu waliovaa kaptura wakila kamba. Simlaumu mtu, setilaiti humfuata anayelipa. Ila kicheko kinanitoka.

Setilaiti za O3b huchomoza na kuchwa, kwa hiyo dishi moja linaisindikiza inayozama huku lingine likiidaka inayopanda, kama wakimbiaji wanaopokezana kijiti. Kusubiri kukashuka hadi takriban sekunde 0.15. Kisha ikaja Starlink, maelfu ya setilaiti kwenye kilomita 550 hivi, kila moja ikipita juu yako kwa dakika chache. Antena yake ni bapa, na haihitaji kuzungukazunguka: vijiantena vingi ndani yake hupishanisha muda wa kurusha mawimbi, na mwale unageuka wenyewe. Katikati ya bahari, setilaiti hupasiana habari kwa miale ya leza hadi kwenye ile inayoona kituo cha ardhini. Kampuni ya meli za kitalii ya Royal Caribbean ilitangaza Agosti 2022 kuifunga kwenye meli zake.

Kilichobaki ni msongamano. Meli ya Icon of the Seas hubeba abiria hadi 7,600 na wafanyakazi 2,350. Chukua mfano: megabiti 1,000 kwa sekunde zigawanywe kwa simu 5,000. Kila moja inapata 0.2, haitoshi hata kwa video. Na nyingi ya simu hizo zinapandisha picha zenyewe, mwenyewe yuko anacheza dansi.

Tangu Desemba 2024, marekebisho ya mkataba wa kimataifa wa kazi za mabaharia yanataka wenye meli, pale inapowezekana, wawape mabaharia intaneti kwa bei isiyoumiza. Dobi naye anahesabiwa baharia. Mpwa wangu juzi alipiga kwa video, picha safi hata mvuke wa pasi unaonekana nyuma yake. Dada yangu sasa haulizi anafichwa nini. Anauliza mbona amekonda.

Katikati ya maongezi mtoto akaaga. Walikuwa wanakaribia nchi kavu. Maili 12 za baharini kutoka pwani ni himaya ya nchi yenyewe, na penye serikali isiyotoa kibali, antena ya meli huzimwa. Saa moja baadaye ukaingia ujumbe: amekaa kwenye ngazi za mgahawa bandarini na wenzake wa jikoni, wanamngoja mhudumu awape neno la siri la waifai.