Anayetafuta kazi ya maabara Kwale na ayajue maradhi ya Kwale

WENGI wanaoitwa kwa mahojiano ya kazi ya fundi wa maabara hukesha wakikariri madaftari ya chuo. Si vibaya. Lakini mwombaji atakayeketi mbele ya jopo mjini Kwale na kuulizwa mkojo wa kupima kichocho huchukuliwa saa ngapi, naye akajibu "wakati wowote", huenda akawa amejifungia mlango mwenyewe.

Mayai ya kichocho cha mkojo hutoka kwa wingi kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Vimelea vya matende navyo hujitokeza kwenye damu kati ya saa nne na saa nane usiku. Saa ni zile zile, za mchana kwa ugonjwa mmoja na za usiku kwa mwingine, na maradhi yote mawili yamewasumbua wakazi wa pwani ya kusini kwa vizazi. Eneo la Msambweni limefanyiwa utafiti wa kichocho tangu miaka ya 1980. Mgonjwa wa matende akitolewa damu asubuhi, hadubini inaweza kuonyesha kwamba hana kitu, naye arudi kwao Vanga au Kinango na vimelea vyake. Siku hizi kipo kipimo cha haraka kisichongoja usiku. Mwombaji anayekitaja, kisha akaeleza kwa nini wazee wetu wa maabara walikuwa wakizunguka vijijini usiku, huonyesha kwamba anaielewa kazi yenyewe.

Kuhusu malaria, jopo halitatosheka na jibu la "ipo" au "haipo". Mwombaji awe tayari kueleza tone zito na tone jembamba la damu, na tofauti ya kazi zake: la kwanza hutafuta vimelea, la pili hutambua aina yake. Ajue pia hesabu yake. Akihesabu vimelea 120 dhidi ya chembe nyeupe 200 za damu, huzidisha 120 kwa 8,000 kisha akagawanya kwa 200, apate vimelea 4,800 katika kila maikrolita ya damu. Hasemi tone zito halina vimelea kabla ya kukagua angalau sehemu 100 chini ya hadubini.

Upo mtego mwingine. Baadhi ya vipimo vya haraka vya malaria huendelea kuonyesha ugonjwa wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona, kwa kuwa hunasa protini ya vimelea wala si vimelea vyenyewe. Tena si kila homa ni malaria. Mombasa, jirani yetu, ilikumbwa na homa ya dengue mwaka 2013 na chikungunya mwishoni mwa 2017. Mwombaji anayeilenga kliniki ya kibinafsi huko Diani, ambako wageni wa hoteli hutibiwa, atafakari maswali ya aina hiyo.

Swali la usalama halikosi. Ukidungwa na sindano iliyotumika, unafanya nini? Unaosha kidonda kwa maji na sabuni, unaripoti mara moja, na dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi zinaanzwa mapema iwezekanavyo, bila kupita saa 72. Wanaojibu kwamba wao ni waangalifu na hawawezi kudungwa hawajibu swali.

Jambo ambalo waombaji hulidharau ni mazungumzo na mgonjwa. Hofu ya mumiani haijafutika kabisa pwani, na mama mzee anayeona chupa tatu zikijazwa damu yake ana haki ya kuuliza inapelekwa wapi. Fundi anayeweza kumweleza kwa Kidigo au Kiduruma ana faida. Asiyezijua lugha hizo asikate tamaa, mradi Kiswahili chake kiwe cha heshima. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inazitaka bodi za ajira kuzingatia kwamba angalau asilimia 30 ya nafasi za kuanzia kazi ziende kwa watu wasiotoka katika jamii iliyo kubwa katika kaunti.

Vyeti viandaliwe mapema. Bila usajili na leseni ya mwaka huo kutoka kwa bodi ya mafundi na wataalamu wa maabara, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1999, alama nzuri za chuo hazitakusaidia. Mara nyingi hutakiwa pia hati ya tabia njema ya polisi na vibali vya kodi na vya mkopo wa elimu ya juu. Anayekupigia simu akidai "chai" ili jina lako lipande ni tapeli au mla rushwa, na wote wawili wanastahili kuripotiwa.

Mavazi? Safi na ya heshima, basi.

Mwishoni jopo hukuuliza kama una swali. Usiseme huna. Uliza kama kazi ni ya kudumu au ya mkataba, kama fundi wa zamu ya usiku hufanya kazi peke yake, na sampuli hupelekwa wapi mashine inapoharibika au dawa za kupimia zinapokwisha.