Jamu ya Waiyaki Way na Maziwa ya Mtoto

 Leo nazungumza na yule ambaye saa 11 alfajiri yuko steji ya Kinoo na mtoto amemwacha amelala. Matatu inapita Uthiru, Kangemi na Westlands hadi mjini. Jioni jamu, na anafika nyumbani saa 2 usiku. Hayo ni masaa 15.

Kliniki naambiwa mara nyingi, "Sista, maziwa yamekauka." Likizo ya uzazi ya miezi 3 imekwisha, mtoto tayari ameanzishiwa uji. Mama, hayajakauka. Titi hutengeneza maziwa kadiri linavyotolewa. Likikaa limejaa kutwa nzima, mwili hudhani mtoto hayahitaji, ukapunguza. Na mtoto wa chini ya miezi 6 hahitaji uji wala maji. Uji ulioshinda kwenye chupa tangu asubuhi unaweza kumletea kuhara.

Kwa hivyo, kamua. Amka mapema kidogo, mnyonyeshe, halafu nawa mikono kwa sabuni ukamue yaliyobaki kwenye chombo safi chenye kifuniko. Katika joto la kawaida la chumba yanakaa masaa 4, kwenye friji siku 4. Najua wengi hatuna friji. Mwombe mwenye duka akugandishie chupa ya maji kwa shilingi chache. Weka maziwa pamoja na chupa hiyo kwenye kikasha cha kuhifadhi baridi: yanakaa hadi masaa 24 iwapo barafu haijayeyuka. Kikasha hicho hicho ubebe kazini, kwa sababu maziwa ya mchana lazima yavuke jamu pamoja nawe.

Mlezi asiyachemshe. Aweke kikombe cha maziwa ndani ya bakuli la maji moto, kisha amnyweshe mtoto kwa kikombe. Chupa za kunyonyesha ni ngumu kuosha. Mtoto akibakisha, hayo yasiwekwe hadi jioni.

Kazini kamua kila baada ya masaa 3 hivi. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea, na pasiwe chooni. Pia inakupa mapumziko yasiyozidi saa 1 kwa kila masaa 8 ya kazi, mbali na muda wa chakula. Wewe unayefua nguo za watu huko Westlands, najua ni vigumu kumtajia mwenye nyumba sheria. Mwombe kona na dakika 15 tu. Huenda naye amelea.

Jambo lingine: wengi hawanywi maji kwa kuogopa kubanwa na mkojo ndani ya matatu. Kiu ya kutwa inakuchosha, na kuzuia mkojo kunaweza kuleta maambukizi. Kunywa ukifika kazini, nenda haja kabla ya kwenda steji.

Usiku lala karibu na mtoto, anyonye kila anapotaka. Hapo ndipo maziwa yanaporudi. Titi likiwa gumu, jekundu, linauma na una homa, usiache kunyonyesha upande huo. Njoo kliniki siku hiyo hiyo, hata kama ni siku ya kazi.