Huru na Bure: Juu ya Leseni za Programu za Vifaa

Kiingereza kina neno moja tu kwa kitu kisicho na bei na kwa mtu asiyefungwa. Sisi tunayo mawili, bure na huru, wala hakuna mtoto wa Masasi au Newala awezaye kuyachanganya. Harakati ya programu huru ilipoanza Marekani katika miaka ya 1980, viongozi wake walikuwa hawana budi kueleza kila mara kwamba hawakusudii bei, bali uhuru wa kuitumia programu, kuichunguza, kuibadili na kuigawa. Kwa Kiswahili maelezo hayo yamo katika neno lenyewe.

Liko jambo moja, hata hivyo, linalotaka maneno yote mawili kwa pamoja. Vipande vingi vya kompyuta, kama kile kinachopokea waifai, vina maagizo yao wenyewe, ambayo hapa nitayaita programu ya kifaa. Katika vifaa vingine maagizo hayo hutiwa humo kiwandani. Katika vingine mfumo wa kompyuta huyapakia kila inapowashwa. Mara nyingi leseni ya kiwanda yaruhusu kuyanakili na kuyagawa bila malipo, ila matini ya asili, ambayo fundi angeweza kuisoma na kuisahihisha, haitolewi. Programu hiyo basi ni ya bure, lakini si huru.

Debian, mfumo ulioanzishwa mwaka 1993, uliahidi katika mkataba wake wa 1997 kubaki huru kabisa. Kwa ajili hiyo programu za vifaa zisizo huru zilikuja kuwekwa nje ya diski rasmi ya kusimikia. Natutazame maana yake huko uwandani Newala. Tuseme mwalimu amepata kompyuta iliyokwisha kutumika, na intaneti yake ni ya simu. Ausimika mfumo, waifai haifanyi kazi kwa kukosa programu ya kifaa, na programu yenyewe imo katika intaneti, asikoweza kufika. Mjuzi ataiunganisha simu kwa waya. Asiyejua atashuka Masasi kutafuta fundi, au atairudia programu ya wizi.

Mwaka 2022 wanachama wa Debian walipiga kura, mkataba ukarekebishwa, na diski ya Debian 12, iliyotoka Juni 2023, ikawa nazo. Naiona kura hiyo kuwa ya haki. Wapinzani wao, wafuasi wa Richard Stallman, huyakubali maagizo yaliyofungwa ndani ya kifaa tangu kiwandani, kwa hoja kwamba ni sehemu ya kifaa. Yakipakiwa kutoka diski huyakataa. Mwalimu wetu hawezi kuyasoma kwa vyovyote.

Hasara yenyewe isifichwe. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili bila kumwomba mtu ruhusa, kwa sababu matini ya programu ile ilikuwa wazi. Programu ya kifaa haina maneno mengi ya kufasiri, lakini kiwanda kikiacha kuitunza, kasoro yake hubaki, wala hapana fundi wa Masasi wala wa Dar es Salaam awezaye kuiondoa kwa urahisi.

Kwa hiyo mfasiri wa skrini za usimikaji asiandike "programu za bure" akadhani amemaliza kazi. Tena bure ni pia kitu kisicho na faida. Napendekeza "programu za vifaa zisizo huru". Ni maneno matano, na skrini ni ndogo, lakini mwalimu atajua anachokikubali kabla ya kubonyeza.