Mchezaji Akishika Kipaza Sauti, Nani Humlipa?

Wiki hii nataka tuzungumzie fedha ya mchezaji aliyestaafu na kushika kipaza sauti. Jambo hili limenikaa kichwani tangu mwaka jana, mchezaji mmoja wa zamani alipokuja kutuchambulia mechi katika kituo kimoja hapa Mbeya. Alizungumza dakika zote 90, tena vizuri kutushinda sisi wenye diploma. Alipomaliza tukampa soda na nauli ya daladala.

Hebu tutazame Marekani. Huko wana mpira wao wa umbo la yai, unaobebwa na kurushwa kwa mikono, na anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi huitwa kwotabeki. Tom Brady alicheza nafasi hiyo misimu 23, akatwaa ubingwa mara 7, akastaafu mwaka 2023. Kwa misimu yote hiyo mishahara yake ilifikia takriban dola milioni 330. Lakini mwaka 2022, hata kabla hajavua jezi, ilitangazwa kwamba atakuwa mchambuzi wa televisheni ya Fox, na magazeti yakataja dola milioni 375 kwa miaka 10. Alianza kazi hiyo Septemba 2024. Yaani ulimi wa miaka 10 kuushinda mkono wa miaka 23! Mwezi uliofuata akaruhusiwa kununua hisa za timu ya Las Vegas Raiders. Kwetu hapa, mwenye hisa Simba akikaa kuchambua mechi za Yanga, nadhani tungerushiana viti.

Fedha hiyo hutoka wapi? Si kwenye viingilio vya mlangoni. Ligi ile huuza haki ya kuonyesha mechi zake, na mwaka 2021 ilitia saini mikataba ya miaka 11 yenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 100. Televisheni iliyonunua mechi kwa bei hiyo hurudisha fedha yake kwa matangazo ya biashara. Watazamaji wakihamia kituo kingine, imepata hasara. Ndiyo maana humtafuta mtu ambaye jina lake tu linawabakiza watu vitini.

Kwetu je? Tukuyu Stars ya hapa Mbeya ilipotwaa ubingwa wa Tanzania Bara mwaka 1986, nilikuwa mtoto Iringa. Redio ya baba ilikaa dirishani, na betri zikichoka tulizianika juani ili zitufikishe mwisho wa mechi. Wakati huo ilikuwapo Redio Tanzania tu, na televisheni Bara haikuanza hadi mwaka 1994. Pasipo wanunuzi wa kugombania, mechi haina bei. Mwaka 2021 Azam Media na TFF walitia saini mkataba wa miaka 10 wa Ligi Kuu, shilingi zaidi ya bilioni 225. Studio nazo zimewahitaji wachezaji wa zamani: Ally Mayay, aliyekuwa nahodha wa Yanga, vijana wengi walimjua kwanza kama mchambuzi, na mwaka 2017 aligombea urais wa TFF.

Yule mgeni wetu nilimweleza habari ya mkataba huo nikimsindikiza kituoni Kabwe. Akauliza kwake zinafika shilingi ngapi. Mechi zake zote alicheza kabla ya mikataba hiyo, nikamwambia haki zake hakuna aliyewahi kuziuza. Akacheka, akapanda gari la Uyole.